Pale Tulipokatazwa Kupanda Mgomba

Elia mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana upo chumba cha pili na kukoroma kwako nakusikia hadi hapa jikoni. Ningeweza kukuamsha nikakwambia kwa mdomo. Lakini tangu juzi kila tukilianza jambo hili mimi napandisha sauti na wewe unanyamaza, na huko kunyamaza umekurithi kwa marehemu baba yako, sikuwezi. Kwa karatasi angalau nitasema mpaka mwisho.

Habari za sweta, nauli ya lori hadi Mombo, treni, na binamu wa mkeo Naomi atakayekupokea stesheni ya Tanga, hayo tumeyasema mchana kutwa mpaka umenikimbia ukaenda kupasua kuni zilizokwisha kupasuliwa. Siyarudii. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho tulichofundishwa kuandika misheni. Kishambaa chetu sijawahi kukiweka kwenye karatasi. Wewe soma hivi hivi, lakini unisikie ninavyosema nyumbani.

Uliniomba jambo moja tu. Tulikuwa tunamenya viazi, ukasema bila kunitazama, "Mama, tuuze hapa." Kisha ukanieleza vizuri, kwa mpango, kama mtu aliyelala nalo siku nyingi. Kuna nyumba Tanga. Mwenyewe anataka malipo ya mwanzo, na kinachobaki utakilipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi kutoka katika mshahara wako wa karakana ya reli. Hayo malipo ya mwanzo yatoke hapa, katika shamba hili na nyumba hii, ambavyo yule mwenye duka wa Mlola anavimezea mate tangu zamani. Mimi nitahamia kwenu, nipewe chumba cha mbele, nilee wajukuu. Ukamalizia kwa kusema, "Siku hizi watu wanaishi kwa mshahara, Mama. Nyumba inanunuliwa kama shati."

Nikakitupa kiazi kwenye ndoo, nikatoka nje. Ulidhani nimekasirika kwa sababu hutaki kulima. La, mwanangu. Nilishtuka kwa kuwa maneno hayo ya shati si yako. Ni yangu mimi. Niliyasema hivyo hivyo, neno kwa neno, wewe hujazaliwa, na aliyeambiwa alikuwa baba yako.

Nilipoolewa na Yohana nililetwa kwao, hapo ng'ambo ya mto kwa baba yako mdogo Zakaria, unapopajua. Nyumba ya mama mkwe wangu ilikuwa ya majani ya migomba kuanzia juu hadi karibu na ardhi. Ndani moshi, mbuzi upande mmoja, sisi upande mwingine. Mimi nilikuwa binti wa misheni. Nilikuwa nimelala bwenini chini ya bati, nimefagia sakafu iliyosakafiwa. Nikajiona nimeshushwa. Mama mkwe hakuwa na ubaya wowote kwangu. Wiki ile ile alinishika mkono akanipeleka bondeni, akanionyesha shamba, akasema, "Hili ni la nyumba yako. Wanao watakula hapa." Nilimshukuru kwa midomo. Moyoni nilikuwa nauliza nitakaa katika moshi ule mpaka lini.

Wanaume wa wakati ule walikwenda kwa Wazungu kutafuta fedha ya kodi, wakishaipata wanarudi kulima. Baba yako naye alitaka hivyo hivyo. Alipata kazi kwenye shamba moja la ng'ombe la Mjerumani, upande wa Kwai, kazi ya kukamua na kusukasuka maziwa ya siagi. Akasema atakwenda, atamaliza kipande chake, ile kadi ya siku thelathini za kazi, atarudi wakati wa kupanda. Mimi ndiye niliyemwambia twende wote, tukakae huko huko. Nilimwambia mtu mwenye mshahara wa kila mwezi hana haja ya kuganda kwenye moshi wa mama yake. Aliniuliza, "Na shamba?" Nikamjibu kwamba shamba na nyumba tutakuja kuvinunua kama tunavyonunua shati. Nilikuwa kijana, Elia, na nilikuwa na mdomo.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo nilipoharibu. Wewe umekulia huku unajua mambo ya kuazimana shamba, lakini nayaandika ili siku moja watoto wako wa Tanga wakiisoma barua hii waelewe. Mtu akikuazima shamba, unapanda mahindi, unapanda maharage, unapanda viazi. Mgomba hupandi. Mahindi yakivunwa yamekwisha, mwenye shamba akitaka chake anakichukua. Mgomba unazaa chipukizi kabla haujakatwa, na chipukizi linazaa jingine, hauna siku ya kwisha. Kwa hiyo aliyepanda mgomba, na mwenye shamba akakubali, amekaa. Hakuna mzee yeyote wa Kishambaa atakayemtoa. Hilo mtoto wa kuchunga mbuzi analijua.

Tulipokuwa tunafunga mizigo, Zakaria akaja kuliomba lile shamba la bondeni, alilime tukiwa mbali. Tukampa. Alipokuwa anaondoka akageuka, akaniuliza mimi, wala si kaka yake, kwa sababu shamba lilikuwa la nyumba yangu. "Shemeji, naweza kuweka na migomba kidogo? Ya kivuli tu cha kahawa."

Mama mkwe alikuwa amekaa pale anapukuchua mahindi. Mikono yake ikasimama. Akaniangalia, akaniachia, maana neno lilikuwa langu. Nilijua vizuri ninachoulizwa. Ningeweza kusema, "Hapana shemeji, weka maharage." Lakini nilitaka nionekane mtu aliyekwisha kuyapita mambo ya mashamba. Nilitaka wote pale waone kwamba mimi naenda mahali pa fedha. Nikacheka, nikasema, "Weka tu, shemeji, utakavyo." Mama mkwe akaendelea kupukuchua.

Huko Kwai mwanzoni tulifurahi, sitakudanganya. Baridi yake ni kali kuliko hii ya kwetu, asubuhi nyasi nyeupe na ng'ombe wanatoa moshi puani, lakini tulikuwa wenyewe. Nyapara alitupeleka kwenye kilima nyuma ya zizi, akatuonyesha kwa fimbo. "Jengeni hapa. Limeni chochote, mahindi, maharage, njegere. Migomba marufuku. Wala mti wa matunda."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Amri ya bwana."

Alipoondoka nilimwambia baba yako, "Wazungu kumbe hawapendi ndizi!" Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Baba yako hakucheka. Aliitazama ile ardhi, kisha akachukua jembe. Mimi, Mshambaa, mwana wa Mshambaa, niliyekatazwa mgomba waziwazi na mtu mwenye fimbo, sikuelewa nimeambiwa nini. Yule Mjerumani alikuwa ameijua sheria ya babu zetu kuliko mimi, na aliitumia barabara.

Tulianza kujenga. Nilitaka bati, na bati lilinunuliwa Lushoto dukani kwa Mhindi. Baba yako akimaliza kipande chake, na hicho kipande hakikuwa mwezi kama watu wanavyodhani, maana siku ya homa haikuandikwa na siku ya mvua kubwa haikuandikwa, basi akikimaliza tunakwenda Lushoto, tunanunua bati moja, tunarudi nalo kichwani njia nzima. Mwezi mwingine hatukuweza hata hilo moja. Kodi ilikuwa palepale, chumvi, nguo. Kuta alizijenga yeye Jumapili baada ya kanisa, peke yake. Kwetu nyumba haijengwi na mtu mmoja, unajua. Unaita ngemo, majirani wanakuja na majembe na mapanga, mke anapika, jioni kuta zimesimama. Kule kila mtu alikuwa wa kuja, kila mtu ana kipande chake shingoni, nani angemwita nani? Na mimi nilijivunia jambo hilo. Nilisema nyumba yetu haina jasho la mtu mwingine, ni mshahara mtupu.

Mvua ya kwanza ilipopiga lile bati hatukuweza kusikilizana. Baba yako alikuwa ananiambia kitu kwa kelele, namwona midomo tu inacheza, tukacheka wote wawili mpaka machozi. Wewe ulizaliwa chini ya bati lile. Sijutii siku ile hata kidogo.

Lakini nataka uelewe mshahara ule ulikuwa nini, maana nimeufikiria miaka mingi nikiwa nalima. Ulimtosha mwanamume mmoja, ale, avae, alipe kodi. Aliyeupanga alihesabu tumbo moja. Mimi na wewe hatukuwamo. Sisi tulilishwa na jembe langu, mahindi yangu na njegere zangu, na ni kwa sababu tulikula vyangu ndiyo maana fedha ya baba yako ikabaki ya kununua bati. Kwa hiyo nilipokuwa najisifu kwamba mshahara umejenga nyumba, nilikuwa najidanganya mchana kweupe. Mshahara ulinunua bati na misumari. Mwenye shamba alimlipa mmoja akapata kazi ya wawili. Nikilikumbuka hilo hasira bado inanipanda, hata leo hii, na sitaki kukuficha.

Vita vya pili vilipoanza yule Mjerumani akachukuliwa na Waingereza. Tukabaki na msimamizi, maziwa yanakamuliwa kama kawaida. Vita vikaisha, shamba likaja kupewa bwana mwingine, Mwingereza, ambaye alitaka kuongeza malisho hadi kwenye kilima chetu. Hayo mengine unayakumbuka, ulikuwa unachunga ndama. Lakini mazungumzo na karani hukuyasikia.

Karani alikuja na kofia yake, akasema tuondoke kabla ya mvua za masika. Baba yako akamwambia, kwa upole kama kawaida yake, "Lakini nyumba ni yetu, bwana karani. Nimeijenga mimi."

"Kwa miti ya nani?"

"Ya shamba."

"Kwa udongo wa nani?"

Baba yako akazitazama kuta.

"Basi kuta ni za shamba," akasema karani. "Bati ulinunua mwenyewe, kila mtu anajua. Bati chukua."

Nilimrukia kwa maneno. Nilimwambia tumekaa pale mpaka mtoto amekua mkubwa, tumelima, tumezika hata kichanga pale kilimani. Hakukasirika. Aliangalia lile shamba letu la mahindi, akasema, "Mama, mbona hamkupanda hata mgomba mmoja? Mlijua si kwenu." Alikuwa Mshambaa mwenzetu, wa huko Bungu. Hapo nikakaa chini kwenye matope.

Baba yako alipanda juu akang'oa misumari mmoja mmoja. Kila uliopinda aliunyoosha kwa jiwe kabla ya kuutia mfukoni. Hakuharibu hata mmoja.

Tulivyorudi hapa nilikuwa bado na tumaini. Nilisema shamba la bondeni lipo. Tulipofika ukingoni nikaona. Migomba ya Zakaria ilikuwa imefunga bonde zima, minene, mingine imeinama kwa mikungu, kahawa chini yake imeiva. Wazee walikaa. Hawakuuliza mengi. Mkubwa wao aliuliza, "Nani aliyesema weka?" Watu wote wakanigeukia mimi. Nikasema, "Ni mimi."

Zakaria usimchukie kamwe. Aliniuliza mbele ya wazee, "Shemeji, nikikurudishia, mimi na watoto wangu tutakula wapi?" Alitupa pa kulala, alitupa ndizi za kupika mwaka ule wote, na hakunitajia hata siku moja kicheko changu cha siku ile. Ni mtu mwema kuliko nilivyokuwa mimi.

Baba yako alishuka Korogwe kwenye katani. Alisema safari hii hajengi kwa mtu, atarudi na fedha ya kununua ardhi. Wewe ulikuwa shule, ulimwona likizo tu. Alirudi mara ya mwisho kifua kimekwisha, na fedha aliyorudi nayo tuliitumia kwa dawa na kwa sanda. Alizikwa pale kwa Zakaria. Watu walinifariji kwamba ni ardhi ya ukoo wake, hakuna ubaya. Ni kweli. Lakini mimi nilijua kwamba kwa sababu yangu mume wangu alilazwa kwenye shamba ambalo nililitoa kwa kucheka. Nimeomba msamaha kwa Mungu na kwake mara nyingi. Kwako sijawahi kuomba, kwa vile hukujua. Basi naomba sasa. Nisamehe, mwanangu.

Kilichofuata umekiona kwa macho yako. Kabichi na viazi, Lushoto na kurudi, mpaka shingo yangu ikawa fupi kama unavyonitania. Mzee Kihiyo, aliyekuwa mwenye shamba hili, alipoamua kwenda kwa wanawe Bungu, kaka yangu alisimama nami mbele ya wazee, nikanunua hapa. Kabla ya kujenga, kabla hata ya kufyeka vizuri, nilipanda migomba pande zote nne, na siku ya kujenga niliita ngemo. Niliogopa hakuna atakayekuja. Walikuja wengi mpaka maharage yakapungua, maana miaka yote ile nilipokuwa kwa Zakaria nilikuwa nakwenda kwao nikiitwa. Bati ni lile lile la Kwai. Matundu ya misumari tuliyaziba kwa lami, na pale juu ya kitanda chako bado panavuja, najua, umenilalamikia vya kutosha.

Sasa kuhusu Tanga. Nimekaa nalo tangu juzi. Mimi si mtu wa kusema mambo ya zamani ndiyo mazuri. Moshi wa mama mkwe sitautamani kamwe. Na nataka uamini ninachosema hapa: mshahara ulipaswa kumjengea mtu nyumba. Mtu aliyeamka alfajiri kwenye baridi ya Kwai kukamua ng'ombe wa mwenzake miaka yote ile alistahili kuta nne zisizo na mwenyewe mwingine. Aliomba kitu kidogo sana. Vijana wenzako mnakaa hapo nje mnasema mishahara itapanda, wafanyakazi wanaungana, Mwingereza naye ataondoka. Nawasikia, ingawa mnanong'ona. Naomba Mungu iwe hivyo, na iwe mapema, wewe ukiwa na nguvu.

Lakini huo mshahara wako wa karakana, Elia, uliuliza umepangwa kwa matumbo mangapi? Huko Tanga Naomi hatakuwa na jembe. Maji atanunua, kuni atanunua, mchicha atanunua. Kisha kwenye kinachobaki utoe cha mwenye nyumba kila mwezi, na usiugue. Ukiugua, au wakipunguza watu karakana, uliulizia kama fedha uliyokwisha kulipa inarudi? Nilipokuuliza juzi ulisema, "Haitafika huko, Mama." Baba yako hakuwahi kunijibu hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa namjibu yeye hivyo.

Inawezekana nimekosea. Sheria ya mji siijui. Inawezekana Tanga mtu ana haki ambayo sisi Kwai hatukuwa nayo, ana karatasi, ana namba ya kiwanja, na hakuna karani atakayekuja na kofia. Wewe umesoma kunishinda na utaona kwa macho yako. Mimi naweza kuwa mwanamke mzee aliyeungua mara moja, basi kila moshi anaukimbia. Sitaki woga wangu uwe kamba ya kukufunga wewe. Na sitaki pia uondoke kesho ukidhani nimekunyima kwa uchoyo, kwamba nimependa viazi vyangu kuliko wewe.

Kwa hiyo jana sikwenda sokoni. Nilikudanganya, nilibeba kikapu kitupu. Nilikwenda kwa wazee, na Zakaria alikuwepo, na kaka yangu nilimtuma mtu akamwita. Nikasema mbele yao kwamba shamba hili na nyumba hii, kuanzia jana, ni vya Elia mwana wa Yohana. Mimi sina changu tena. Waliniuliza kama nimelazimishwa, nikasema hapana. Zakaria aliuliza, "Na wewe shemeji, utakaa wapi?" Nikamwambia nitakaa kwa mwanangu, akinikubali.

Basi ombi lako siwezi kulijibu tena, halipo mikononi mwangu. Nenda Tanga. Fanya kazi, uone mshahara ule unafika wapi mwezi ukiisha. Tazama waliokutangulia karakana, wazee wao wanaishi wapi, wamelala kwao au kwa nani. Ukiona ni kweli, nyumba inanunulika na inabaki, rudi uuze. Mwenye duka wa Mlola hataondoka. Ila uje mwenyewe, uje mchana, usimame hapo mlangoni uniambie kwa mdomo wako, "Mama, funga mizigo." Nitafunga, na sitakulaani, wala sitamwambia mtu kwamba nimetolewa. Nitasema nimehamia kwa mwanangu.

Ila usilifanye kwa barua. Hilo tu ndilo ninalokuomba.

Tangu siku ile niliyocheka mpaka alipokufa, baba yako hakulala hata usiku mmoja mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumwambia atoke. Wewe usiku huu umelala kwako. Huko Tanga wakikuuliza una nini, usiseme huna kitu.

Mungu akutangulie njiani, akulinde na joto la huko chini na akurudishe mzima.

Ni mimi mama yako, na tangu jana mpangaji wako.